Huko Juu Hakuna Mzani

Sina ugomvi na neema. Ni kitu kizuri, na mimi mwenyewe ninaihitaji, hasa Januari karo inapodaiwa. Ugomvi wangu ni jinsi inavyogawanywa. Inaonekana huko juu hakuna mzani.

Huku kwetu, upande wa juu wa Embu ambako mashamba ya chai yamepanda hadi yakagusa msitu wa Mlima Kenya, kila kitu hupimwa. Mchumaji huingia shambani asubuhi umande haujakauka, kipande cha nailoni kiunoni, kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na kichipukizi chake. Baadaye anapanga foleni kwenye kituo cha kununulia chai. Karani anapekua, anatupa kando majani yaliyokomaa, anatundika mfuko, anasoma namba, anatoa risiti. Umeleta kilo kumi, umeandikiwa kilo kumi. Ukimweleza kwamba usiku kucha ulikuwa na homa atakupa pole, lakini mzani haujui homa.

Sasa chukua watu waliolelewa na mzani namna hiyo, uwaketishe kanisani Jumapili, uwasomee Mathayo sura ya 20.

Mnaijua habari yenyewe. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri, anaajiri vibarua, wanapatana dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Halafu saa kumi na moja anawakuta wengine wamesimama tu sokoni, nao anawaingiza shambani. Saa kumi na moja! Saa hiyo huku kwetu karani ameshafunga hesabu, anasubiri lori la kiwandani. Jioni wote wanalipwa dinari ileile, na waliochelewa ndio wanaolipwa kwanza, ili wale wa alfajiri washuhudie vizuri. Kasisi alipofika hapo nikatupia jicho benchi la wachumaji. Hakuna aliyeitika amina. Mama mmoja alimwinamia mwenzake akanong'ona, "Na kesho nani ataamka mapema?"

Kwa maoni yangu hilo ndilo swali pekee la maana lililoulizwa kanisani siku hiyo, na halikujibiwa.

Ningenyamaza kama si shemeji yangu. Bonasi ya chai hulipwa mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, na ya kwake haikuwahi kuiona Novemba. Ilikuwa ikishuka Embu mjini Ijumaa pamoja naye, na Jumatatu akarudi peke yake. Shamba lake lina magugu ya kumfikia kondoo tumboni. Basi mwaka huu, Agosti, shemeji akaokoka. Kufikia Oktoba alikuwa amekabidhiwa maikrofoni. Anasimama mbele, anaeleza alikotolewa, akina mama wanatoa leso, kwaya inashindwa kumaliza wimbo. Mimi nimefagia ua wa kanisa hilo tangu ujana, nimetunza daftari la sadaka bila kupotea senti, na hakuna aliyewahi kunitolea leso. Ushuhuda wangu hauna utamu wowote. Nilibatizwa, nikakua, nikalipa zaka.

Tuliambiwa mchumia juani hulia kivulini. Sikuambiwa kwamba nikifika kivulini nitamkuta mtu amejilaza huko tangu asubuhi, naye amepakuliwa sahani sawa na yangu.

Kwa hasira nikaenda kuonja injili ya upande wa pili, kwenye hema moja mjini ambako namba ya M-Pesa imeandikwa kubwa kuliko mstari wa Biblia. Nilidhani hapo nitaelewana nao, maana ni watu wa hesabu: panda elfu moja, uvune mara mia. Nikauliza inavunwa lini. Nikaambiwa nisiwe na moyo wa mashaka. Nikaomba risiti, wakanitazama vibaya kuliko shemeji alivyowahi kutazamwa akiwa mlevi. Sacco yangu haijawahi kuota ndoto hata moja ya kinabii, lakini hunipa taarifa ya akiba yangu. Nikatoka. Kugawa kitu bure kunaniudhi, sikatai, lakini kumuuzia mtu kitu ambacho Mungu mwenyewe anakigawa bure ni wizi, hata ukiupigia kinanda.

Wazee wa Ameru nao hawanisaidii. Walikuwa na Mugwe, mtu wa baraka, ambaye Padre Bernardo Bernardi wa Consolata alimwandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1959. Mugwe alibariki kwa mkono wa kushoto, mkono ambao siku nyingine zote aliuficha ndani ya vazi. Mkono wa kushoto! Sisi tuliochapwa vidole kwa kupokelea uji kwa mkono huo! Na baraka yenyewe ilikuwa ya watu wote, mvivu humohumo na mchapakazi. Afadhali baraza lao la Njuri Ncheke pale Nchiru, hao tunaelewana. Ukikosa, kosa lina mbuzi wake. Unamleta, analiwa, yamekwisha.

Mvua ndiyo mbaya zaidi. Inakuja Machi, inarudi Oktoba, na haijawahi kuniuliza nani ameng'oa magugu. Inanyesha kwangu, inavuka ua, inanyesha kwa shemeji kwa kipimo kilekile. Ikipenda inateremka mpaka Mbeere kwenye muguka, miraa ya huko, ambayo kaunti kadhaa za Pwani ziliipiga marufuku Mei 2024, na huko Igembe inalowesha miraa bila kinyongo. Washirika wengine hukunja uso miraa ikitajwa, ingawa zaka yake ikishaingia kwenye sahani sijaona mtu akiinusa.

Wiki jana, chai ya shemeji, kwenye magugu yale yale, ilichipua hadi karani akamsifu. Alinijia mbio na risiti mkononi, nione. Niliiona.

Kisha baraza la kanisa likaketi kupanga ibada ya shukrani kwa ajili ya wokovu wake. Mchele tayari, soda tayari, kilichobaki ni mbuzi. Wakaangaliana, wakaniangalia. Nikawakumbusha kwa upole habari ya kaka mkubwa wa Luka 15, ambaye hakuwahi kupewa hata mwana-mbuzi akafurahi na rafiki zake. Mwenyekiti akasema asante sana mzee, umetukumbusha jambo zuri, basi tuandike mbuzi ni wako.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu mbuzi atatoka, ila awe yule dume mkonde anayekohoa. Akanijibu kwamba kaka yake ameshapita na kamba, na yule mnono ndiye aliyemfuata mwenyewe.