Barua ya wazi kwa wenye namba yangu

Kwa Mkurugenzi wa kampuni inayonikodisha anwani ya IP (jina nalihifadhi, kama mlivyolihifadhi langu).

YAH: OMBI LA MSTARI MMOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu kutoka Getanuwas, Hanang. Ni yuleyule mteja aliyeanza kuwasumbua kabla dengu hazijapandwa. Sasa zimeshavunwa na kuuzwa.

Nina seva moja ya barua pepe yenye IP moja, na ndani yake domeini tatu: ya shule, ya kikundi cha wafugaji na ya muuza dengu. Barua zinaingia vizuri, na ankara yenu haijapotea hata mwezi mmoja. Zinazokwama ni zinazotoka. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila seva inayotuma barua kwake iwe na rekodi ya PTR, ile inayotaja jina la namba, na namba yangu ikiulizwa "we ni nani?" inanyamaza.

Mheshimiwa, jambo hili mfugaji yeyote angekueleza mnadani. Mnunuzi makini haridhiki na maneno ya anayeswaga ng'ombe. Anatazama chapa, anasoma kibali, halafu anampigia simu mtendaji wa kijiji: huyu ni wa kwenu kweli? Ndivyo ilivyo huku. Namba itaje jina, na jina likiulizwa litaje namba ileile. Upande wa jina nimemaliza. Upande wa namba ni wenu.

Kijana wenu wa kwanza aliniambia nizime ruta, nihesabu hadi kumi, niwashe. Nilihesabu hadi mia, kwa heshima yenu. Wa pili alinielekeza kwa walioniuzia domeini, nao wakanirudisha kwenu: wao wanauza majina, namba mlipewa nyinyi na AFRINIC huko Mauritius. Kwa hiyo eneo la in-addr.arpa, zinakoandikwa PTR za namba hizo, liko mikononi mwenu, na humo namba huandikwa kuanzia mkiani: 203.0.113.25, tuseme, inakuwa 25.113.0.203.in-addr.arpa. Nami nilidhani jambo la kinyumenyume ndilo mngeliweza kuliko watu wote.

Wa tatu alikuwa na huruma. "Domeini tatu? Basi tukuwekee PTR tatu." Hapana, ndugu yangu. Mzee ana wake watatu, kila mmoja na nyumba yake na mbuzi wake, lakini boma ni moja na linaitwa kwa jina la mzee. Nipeni jina moja, lile ambalo seva inajitambulisha nalo inapobisha hodi. Domeini zote tatu zitaelekeza hapo MX zao, zinazoonyesha barua ziingilie wapi, na SPF zao, zinazotaja nani anaruhusiwa kutuma, zitaitaja IP hiyo, na hakuna atakayedai jina la seva lifanane na la mtuma barua.

Haya yote niliwaandikia kwa barua pepe. Seva yenu iliikataa, ikaeleza kwa ufasaha sababu: anwani iliyotuma haina PTR. Katika kampuni nzima, huyo ndiye pekee aliyelielewa tatizo langu. Naomba apandishwe cheo.

Basi barua hii inakuja kwa karatasi, kwa bodaboda hadi Katesh, kisha kwa basi. Kila atakayeipokea njiani atauliza imetoka kwa nani, ataambiwa, na ataipitisha.

Wenu katika kusubiri,
Mteja asiye na jina,
Getanuwas.