Masikio ya Fisi na Wimbo wa Bibi Tembo

Pale Mkiwa, njia panda ambapo barabara ya Manyoni kwenda Singida inaachana na ile ya Itigi na Rungwa, Sungura alifungua kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu. Ubaoni aliandika bei mbili: wimbo uliobanwa shilingi mia, wimbo mzima shilingi mia tano. Biashara ikashika. Wavunaji wa alizeti walinunua, na wauza asali waliposhuka basi la kutoka Itigi walipitia pale kwanza kabla ya kutafuta chai.

Fisi alinunua wimbo mzima. Akavaa hedifoni shingoni, na tangu siku hiyo kijiji hakikupumua. Alisema anasikia vidole vya mpiga gitaa vikigusa nyuzi, anasikia hata mwimbaji akimeza mate. Kwenye harusi ya Digidigi alisimama katikati ya uwanja akataka muziki uzimwe, eti nyimbo zilizobanwa zinamuumiza masikio. Wapenda sifa wakamfuata. Msimu haujaisha, Mkiwa ilikuwa imegawanyika: upande mmoja Wenye Masikio, upande mwingine wale walioitwa Viziwi, na majirani wa miaka mingi wakaacha kuombana chumvi.

Aliyejua kinachoendelea ndani ya kompyuta alikuwa Kanga, msichana aliyefanya kazi pale kibandani. "Mjomba," alimwambia Fisi, "kubana si uchawi. Kwenye sidii, kila sekunde sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila upande wa stereo. Wimbo wa dakika nne unakula megabaiti zaidi ya 40. Ukibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 unabaki na megabaiti nne kasoro. Kinachotupwa kimechaguliwa: programu hutafuta sauti ndogo iliyofunikwa na sauti kubwa, ile ambayo sikio halingeipata hata kama ipo, ndiyo inayoondolewa."

"Basi mimi naipata," akajibu Fisi.

Mzee Kobe akaitisha mkutano chini ya mbuyu. Hakutaka hotuba. Alitaka Fisi akae nyuma ya pazia la magunia, asione ubao wala kioo cha kompyuta, wala uso wa Kanga. Apigiwe kipande cha kwanza na cha pili, aambiwe kipi kizima na kipi kilichobanwa. Kisha apigiwe cha tatu kisicho na jina, aseme kinafanana na kipi. Mara 16. Anayebahatisha atapata 8 hivi. Akifikisha 12 au zaidi, tutaanza kumwamini. Kobe alisisitiza pia kwamba vipande vyote vipigwe kwa nguvu ileile, kwa sababu kikizidi kidogo tu kwa sauti, sikio lolote hukiona ndicho kizuri. Nikitazama ugomvi wa wapenzi wa muziki kila mahali, naona mwingi ungekufa kwa hilo pazia la magunia peke yake.

Kanga akabana wimbo kwa kilobiti 320, kiwango cha juu kabisa cha MP3. Fisi akapata 7.

Alilaumu upepo. Singida ina upepo kweli, kwa hiyo Kobe akasubiri jioni utulie, wakarudia. Akapata 9. Akalaumu waya wa hedifoni. Hapo Viziwi wakaanza kuruka kwa furaha, wakiimba kwamba sauti zote ni sawa na anayesema tofauti ni mwongo. Kobe akawanyamazisha na wao. "Bado hatujamaliza, wajukuu zangu. Kanga, teremka."

Kanga akateremka hadi kilobiti 64. Safari hii hakuna aliyehitaji pazia. Kayamba ilikuwa inachuruzika badala ya kulia, na hata Nguruwe aliyekuwa akisinzia alisema muziki umeingia maji. Akapanda hadi 128. Wengi wakapotea tena, lakini Kwale, mtoto mdogo aliyeshinda pale kibandani siku nzima akisikiliza njuga za wachezaji wa Kigogo, alipata 14 kati ya 16. Walipomuuliza, alieleza jambo ambalo Fisi hakuwahi kulitaja: "Mguu haujagonga chini, lakini njuga imeshaanza kunong'ona." Kanga akaruka kwa mshangao, maana ndivyo ilivyo. Programu hufanya kazi kwa vipande vidogo vya muda, na sauti ya ghafla ikigonga katikati ya kipande, vumbi lake hutapakaa hadi kabla yake. Njuga, makofi na kayamba ndivyo vinavyoumbua. Walipojaribu kwa 320, Kwale naye akapotea kama wenzake, akakubali bila kununa.

Popo aliitwa kuwa shahidi, kwa kuwa masikio yake yanajulikana. Fisi alitegemea atetewe. Popo akasikiliza nyimbo zote mbili akarudisha hedifoni. "Mimi nasikia sauti za juu mno, lakini sidii haibebi kitu kinachozidi hezi 22,050. Ilitengenezwa kwa sikio la binadamu, ambalo mwisho wake ni kama 20,000, na uzee huzidi kulipunguza. Humu hamna changu, mzima wala uliobanwa." Akaongeza habari ya Marekani: mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio la kulinganisha sidii na rekodi zenye ubora uliozidi sidii. Majibu yalikuwa 554, na yaliyokuwa sahihi ni 276. Nusu kasoro kidogo. Mtu akirusha sarafu angepata hivyohivyo.

Mkutano ungeishia hapo, kila mtu arudi kwake, kama si Ndama wa Tembo kuinua mkono.

Marehemu bibi yake alikuwa akiimba wimbo wa visima, akivitaja kimoja kimoja vile ambavyo havikukauka mwaka wa njaa kuu. Ulirekodiwa kwenye kaseti, ngoma ikiwa mbele na bibi akiwa mbali na maikrofoni. Kijiji kilimkabidhi Sungura auhifadhi. Ili apate nafasi ya nyimbo za kuuza, Sungura aliubana kwa kilobiti 64, akafuta faili la kwanza, kisha wimbo ukatembea kutoka simu hadi simu, kila ukirushwa unabanwa upya. Sasa ukame ulikuwa mlangoni, na Ndama alitaka majina ya visima. "Dada Kanga, punguza ngoma nimsikie bibi."

Kanga akapunguza ngoma. Chini yake hapakuwa na bibi. Palikuwa na mabubujiko tu. Sauti yake ilikuwa ndiyo ile ndogo iliyofunikwa na kubwa, ile ambayo programu ilihukumu kwamba hakuna atakayeikosa.

Hapa ndipo hekaya hii inaponiuma. Tangu miaka ya 1960 bendi na vikundi vya ngoma vya nchi hii vilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zile ni ghala la sauti zetu. Lakini wengi wetu nyimbo za Mbaraka Mwinshehe tunazijua kwa mafaili yaliyonakiliwa kutoka kaseti, yakabanwa, yakabanwa tena. Tunapoteza jioni nzima tukibishana nani ana sikio la dhahabu, wakati swali la haraka ni nani ana kanda na iko katika hali gani. Msikilizaji wa leo halazimiki kununua faili zima. Lililobanwa vizuri linamtosha kabisa kwa kucheza, kupika na kusafiri. Mtunzaji hana ruhusa hiyo. Yeye hajui mjukuu wa kesho atataka kusikia nini chini ya ngoma.

Sungura alijitetea kwamba nafasi ilikuwa ghali. Kanga akapiga hesabu mbele ya wote: saa moja ya sauti kamili ya sidii ni kama megabaiti 635, na kwa FLAC, ambayo tangu 2001 inapunguza ukubwa bila kutupa chochote, mara nyingi hushuka karibu na nusu. Memori kadi moja ya gigabaiti 64 inabeba saa 100 hata bila FLAC. Nyimbo zote za kijiji zingeenea na nafasi ikabaki.

Kobe alikuwa na kaseti. Nakala ya kwanza, iliyopigwa siku ileile bibi aliporekodiwa, aliihifadhi ndani ya debe la unga kwa sababu hakuwahi kuwa na redio ya kuipigia. Deki nzima ilipatikana Singida mjini. Kanga akairekodi yote bila kubana, akapunguza ngoma, na sauti ya Bibi Tembo ikaja, hafifu lakini yenye maneno. Ndama akaandika visima sita.

"Hili faili ni lipi," aliuliza Fisi, "zima au lililobanwa?" Kanga hakuwa na muda wa kumjibu. Alikuwa akitia nakala ya pili kwenye kadi nyingine, ipande basi la Itigi kabla ya saa nane.