Michango Haipo

Hata sasa niandikapo haya masikio yangu yangali moto, kwani ni juzi tu, mbele ya kamati nzima ya chama kimoja cha akiba, mhazini alipovaa miwani yake, akakisogelea kioo cha kompyuta yangu, akasoma kwa sauti ya mwadhini maneno mawili ambayo mimi mwenyewe, kwa ghururi ya kutaka programu iseme Kiswahili fasaha, nilikuwa nimeyafasiri: "Michango haipo."

Mzee mmoja akauliza tangu lini. Bibi aliyeketi karibu na mlango akakumbatia mkoba wake, naye mwenyekiti, kwa upole uliochoma kuliko tusi, akasema, "Mwanangu, hebu tufahamishe, imekwenda wapi?"

Fedha zilikuwa salama salimini. Kilichokosekana ni moduli iitwayo Michango. Drupal, programu ya kujengea tovuti niliyoitumia, hujengwa kwa moduli, kila moja katika folda yake, na kila folda ina faili fupi, mfano wa cheti cha kuzaliwa, litajalo jina la moduli, toleo la Drupal linaloafikiana nayo, na moduli nyingine inazozitegemea. Drupal huzipekua folda zote, hata zilizomo ndani ya nyingine, ikavisoma vyeti hivyo kimoja kimoja, na ukiitaka moduli fulani iwashwe, huwashwa kwanza zile inazozitegemea, mithili ya bwana harusi asiyevuka kizingiti mpaka wazee wake watangulie. Illa katika cheti hicho mna mstari ambao jina lake la Kiingereza maana yake ni kifurushi, nami, baada ya kuziandikia moduli zangu nne neno moja katika mstari huo, niliamini kwamba nimezifunga kwa kamba, nikabeba folda ya Mikopo peke yake, ingawa inaitegemea Michango. Kumbe mstari ule haufungi kitu! Ni kibao tu, kinachozipanga moduli chini ya kichwa kimoja katika orodha ya msimamizi. Atakaye kufunga kwa hakika huziweka moduli ndogo ndani ya folda ya ile kubwa, zikasafiri zote kwa upakuaji mmoja, kisha kila moja ikawashwa kwa haja yake.

Kamati imenikata theluthi ya ujira. Aliyekiita kibao kifurushi hakukatwa hata senti. Na mwasisi wa Drupal, Mbelgiji Dries Buytaert, alipokuwa akitafuta jina la tovuti yake, alikusudia kuandika dorp, yaani kijiji kwa Kiholanzi, vidole vikateleza vikaandika drop, yaani tone kwa Kiingereza, akalipenda kosa lake, na mwaka 2001 programu ikatolewa kwa jina litokanalo na tone la maji. Kosa lake la neno moja lilimpa jina. Langu limenila theluthi.

Jana nilirudi na moduli zote nne, faili moja likakataa kusomeka kwa kuwa nilisogeza mstari kwa kitufe cha Tab.

Leo asubuhi nimeiondoa moduli ya Risiti ili niisakinishe upya, nayo ikaondoka na majedwali yake yote. Mhazini amekwisha kunipigia simu mara tatu.