Nyanya Akae Mbele

Barua tatu za wiki hii nimezifupisha. Matusi nimeyaondoa.

"Mshauri, kila Desemba shule zikifungwa mama mkwe anataka tumpeleke Ziwa Jipe. Kila Desemba! Watoto wanataka Diani, kwenye bwawa la kuogelea. Nikisema gari limeharibika, nitakuwa nimekosa? — Dereva Asiyelipwa, Voi."

"Mshauri, Jipe hakuna kitu, ni matete tu. Nyanya anasimulia yale yale. Nina miaka 16 na nina haki zangu. — Mateka, Mwatate."

"Mwanangu, wananipeleka ziwani kisha wananiacha garini nichunge mikoba. — Mlinzi wa Mikoba, Wundanyi."

Barua zimetoka miji mitatu, ila zote zinataja Noah ya kijivu na chupa ya chai inayovuja, kwa hiyo nitawajibu kwa pamoja, na mtanisamehe nikishuku kwamba mnafahamiana. Shikamoo, mama. Ushauri wangu kwenu nyote ni mmoja: safari iendelee, mpangilio wa viti ubadilike. Nyanya akae mbele, Mateka akae nyuma yake mahali anapoweza kumsikia, na mikoba ijichunge yenyewe. Safari za vizazi vitatu huharibika pale mzee anapobebwa kwa heshima kama kreti ya soda, anapakiwa Voi na kupakuliwa ziwani, wakati katika njia hiyo yeye ndiye pekee mwenye la kusema ambalo halijaandikwa popote.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100, na reli inayoandamana na barabara hiyo haikujengwa kwa ajili ya ndizi wala mkonge. Waingereza waliijenga mbiombio mwaka 1915 na 1916 ili ibebe askari, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 kilima cha Salaita kilishambuliwa, na washambuliaji, Waafrika Kusini wakiwemo, wakarudishwa nyuma kwa hasara. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Latema na Reata, na Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza. Hayo yote yamo vitabuni, na makaburi ya askari pale Taveta yamepangwa kwa mistari na kutunzwa. Wapagazi Waafrika waliobeba risasi na unga wa jeshi lile ni habari nyingine. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao, ikaomba radhi. Tena mwaka 1915 Waingereza waliwahamisha Wakasigau kwa nguvu hadi Malindi, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, na wengi wakafia ugenini. Sasa fanyeni hesabu: nyanya aliyezaliwa miaka ya 1940 aliota moto jikoni pamoja na watu waliokuwa watu wazima mwaka ule. Kati ya Mateka na vita vile kuna mtu mmoja au wawili tu, na mmoja wao ameachiwa mikoba.

Utaniambia, Mateka, kwamba wazee hutia chumvi, na kwamba samaki wa nyanya hurefuka kila Desemba. Ni kweli. Lakini Jipe ina uzuri huu, kwamba mengi anayoyasema yanaweza kupimwa. Ziwa hilo linalishwa hasa na Mto Lumi unaoshuka kutoka Kilimanjaro, na mto huo hauleti maji matupu, huleta na udongo wa mashamba ya huko juu. Ziwa halina kina kirefu, udongo umetuama, na matete yamepata pa kushika mizizi hadi yakaziba sehemu kubwa ya ufuo, upande wetu na upande wa Mwanga, Tanzania. Hayo matete uliyoyaita "hakuna kitu" ndiyo habari yenyewe. Mwambie akuonyeshe kwa fimbo yake mitumbwi ilikuwa ikifungwa wapi alipokuwa kijana, kisha utafute picha za setilaiti, maana zipo tangu miaka ya 1970, ulinganishe. Mmoja wenu atakuwa amekosea. Ubishi utakaofuata utawatosha hadi Mwatate, na huenda ukagundua kwamba "yale yale" yalikuwa yakibadilika kila mwaka, ila hakuna aliyeuliza swali la pili.

Mkitaka mashahidi zaidi, pandeni hadi Chala. Lile ni ziwa la kreta, mpaka wa nchi mbili unalipasua katikati, na kina chake kinakaribia mita 100. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa matope yake zaidi ya mita 200 kwenda chini, wakapata kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 250,000, tabaka juu ya tabaka. Matope yanajua mwaka gani mvua ilikosekana. Hayajui mwaka huo watu walikula nini, nani aliuza mbuzi, wala nani alihamia Mombasa asirudi. Kwa hayo inabidi umuulize aliye kiti cha mbele.

Dereva, pingamizi lako la Diani nimelisikia, na sina ugomvi na bwawa la kuogelea. Wapelekeni watoto Diani Aprili. Bwawa litawangoja na litakuwa lile lile, jambo ambalo siwezi kuwaahidi kuhusu Jipe wala kuhusu mama mkwe. Pingamizi ulilolificha, la pesa, ndilo zito zaidi. Takriban asilimia 62 ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, na inauma mwenyeji kulipa langoni ili aone ardhi ambayo wazee wake walipita bila tiketi. Sina dawa ya hilo, isipokuwa kukumbusha kwamba Chala iko nje ya mbuga, na kwamba malalamiko haya yakisemwa na nyanya hapo hapo langoni, mbele ya mjukuu, ni somo la historia ambalo hata mwalimu hana.

La kuogelea lisijadiliwe. Jipe ina viboko na mamba, na huko Chala, kwa utulivu wake wote, mwaka 2002 mamba alimuua msichana mgeni. Kaeni juu, mle kimanga.

Kuhusu gari kuharibika: lisiharibike. Mama mkwe amejua uongo huo tangu zama za Peugeot. Ondokeni alfajiri siku ya soko la Taveta, ndizi mtakazorudi nazo zitalipa sehemu ya mafuta.

Na wewe Mateka, mtandao upo, ila ni wa jirani. Simu ikikukaribisha Tanzania ukiwa bado umekaa Kenya, usifurahi, zima data upesi. Bili ya mwezi huo italetwa kwa baba yako, na barua yake ya pili sitaki kuisoma.