Sifa za Barua Isiyomfunga Mtu

Hati ya ardhi ina majivuno, hulala kwenye sanduku la chuma. Barua ya nia haina makuu: ukurasa mmoja unaosema fulani anataka jengo la fulani, kwa kodi ya kiasi fulani, na kwamba hakuna aliyefungwa. Ahadi ni deni, wanasema Waswahili. Barua hii imesamehewa deni kabla ya kukopa.

Mvara, jijini Arua nchini Uganda, ingeijengea sanamu. Tuseme mfanyabiashara amevuka mpaka kutoka Ariwara, Kongo, na anataka jengo la maduka. Si raia, hivyo Sheria ya Ardhi ya 1998 haimpi umiliki. Atapanga tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Mwenye jengo ni mzee mmoja, lakini kiwanja ni cha kimila: kuna kaka zake, kuna shangazi, kuna mpwa wa Kampala anayesikika kwa simu tu. Mkataba ukitua mezani siku hiyo, ukoo utagawanyika kabla chai haijapoa. Barua ya nia, kila mmoja huishika, akaisoma, akampa mwenzake. Ni barua ya posa isiyo na kishika uchumba. Ukikataliwa, hujapoteza ng'ombe.

Uoga wa barua hii una historia. Mwaka 1877 huko Uingereza, katika kesi ya Winn na Bull, mtu aliyekubali kupanga nyumba "kwa kusubiri mkataba rasmi" alijitoa, na mahakama ikamwachia aende zake. Wengine hawakubahatika. Mwaka 1985 baraza la wazee wa mahakama mjini Houston liliamuru Texaco iilipe Pennzoil zaidi ya dola bilioni 10, kwa kuvuruga makubaliano ya awali ya kununua hisa za Getty Oil, mkataba kamili ukiwa haujasainiwa.

Ndiyo maana mawakili huipamba barua kwa sentensi moja nene: haimfungi mtu. Kisha, kimyakimya, huficha makucha mawili chini yake: siri zisitoke, na mzee asimwonyeshe mpangaji mwingine jengo kwa siku 60. Hayo hukusudiwa kufunga.

Kazi ya mwisho ni ya mzee. Karatasi isiyo na muhuri kwake ni ya kufungia karanga, hivyo huipeleka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenyekiti anapulizia muhuri, anaugonga kwa nguvu, na wino unatua juu ya ile sentensi nene.