Keria Haijai

Kwanza tuelewane: wewe si mchuuzi wa mkate. Wewe ni msafiri. Umenunua baiskeli ya mitumba kutoka Uingereza, ya chuma, yenye gia zake zote, na umewatangazia wapangaji wenzako wa ploti kule Umoja kwamba Krismasi hii matatu hupandi. Utaenda kwenu Tala kwa baiskeli, kilomita hamsini hivi kwa Barabara ya Kangundo, mizigo yote nyuma. Kilichobaki ni keria.

Sharti la kwanza la utalii wa baiskeli ni kutojifunza chochote kwa mtu asiyevaa helmeti. Kwa hiyo alfajiri ukiwa Rabai Road, mwenye mkate akikupita, angalia kando. Usilitazame lile sanduku la bati lililokaa juu ya keria iliyoongezwa vyuma vya L, limepanda hadi kisogoni mwake, mlango ukiwa nyuma ili akifika dukani asifungue kamba hata moja. Usitazame pia anavyopanda. Harushi mguu kwa nyuma kama wewe, maana nyuma kuna ukuta. Anakanyaga pedeli ya kushoto, anasukuma lami kwa mguu wa kulia mara mbili tatu, na baiskeli ikishashika mwendo ndipo anaupitisha mguu kwa mbele, juu ya chuma cha fremu. Wewe utajifunza jambo hili asubuhi ya safari, mbele ya stegi nzima ya bodaboda, na ushauri utaupata bure.

Muuza maji naye mpuuze. Mifereji ikikauka Kayole au Pipeline, na hukauka, utamwona na mitungi ya lita 20: miwili kila upande, imening'inia chini karibu na ekseli, na wa tano juu. Hizo ni kilo 100 za maji, na anapanda nazo mlima akiisukuma baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti. Hakuna aliyemwambia kwamba kizito hukaa chini. Huko Marekani, Jim Blackburn, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1975, alijipatia jina kwa keria za mbele zinazoishusha mikoba hadi usawa wa ekseli ili usukani utulie. Watalii wa dunia nzima walimshukuru. Muuza maji wa Kayole bado anasubiri barua yake.

Sasa tununue. Keria ya dukani ina namba, na namba hiyo ndiyo utakayowaambia watu. Zile za aluminiamu za kawaida huandikiwa kilo 25, yaani mtungi mmoja wa maji na pakiti mbili za unga. Ukitaka kuheshimiwa zaidi, agiza Tubus ya Kijerumani, ya mirija ya chuma. Ile inayoitwa Cargo hubeba kilo 40 na yenyewe haifiki hata kilo moja. Bei yake ukijumlisha usafiri na ushuru usimtajie mwenye nyumba, hasa kama kodi ya Novemba bado inazungumzwa. Lakini ni kitu kizuri, lazima niseme ukweli, na ni cha chuma. Aluminiamu ikikatika ukiwa Joska, utaambiwa uitafutie mtu mjini mwenye mashine ya gesi. Chuma kikikatika Joska, kuna kijana mwenye mashine ya kuchomelea nyuma ya duka la mbolea, na kabla hujamaliza soda unaendelea na safari.

Kuna namba nyingine ambayo watalii hawapendi kuitaja. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005, lilipotengeneza baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya barabara za Afrika, liliiwekea keria ya kilo 100. Inaonekana kabla ya kuchora chochote walikwenda sokoni wakatazama.

Ukikosa pesa za Ujerumani, shuka Kamukunji kwa mafundi wa bati. Usiende na picha kwenye simu. Kelele za nyundo pale hazikuachi uelezee picha, na mafundi hawa walikuwa wakikunja bati juani muda mrefu kabla Rais Moi hajawatembelea miaka ya 1980 na kuwaahidi vibanda. Dukani huulizwa unataka chapa gani. Hapa utaulizwa swali moja tu:

"Bosi, unabeba nini?"

Ukijibu "nguo na hema," fundi atakutazama kwa huruma, atatikisa kichwa, kisha atakutengenezea keria ya kubeba kreti za soda. Atatumia nondo. Itakuwa na uzito wa mtoto wa chekechea kabla hujaweka hata soksi. Miguu yake itashuka hadi kwenye ekseli, jambo ambalo ni la busara kabisa, kwa sababu keria iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya kiti peke yake huanza kuyumba Njiru na kufikia Ruai inageuka upande. Ukimuuliza itakuwaje nati zikilegea kwa mitetemo, hatakuuzia gundi ya kubana nati. Ataponda ncha ya boliti kwa nyundo mpaka nati isiweze kutoka. Haitatoka, wala keria haitatoka. Siku ukiuza baiskeli umeuza vyote viwili.

Akimaliza, hesabu spoki za gurudumu la nyuma. Zikiwa 36, nenda. Zikiwa 28 au pungufu, gurudumu hilo lilitengenezewa mtu anayebeba chupa ya maji na mawazo yake. Spoki hukatika nyuma, na mara nyingi upande wa cheni, kwa kuwa huko ndiko zimekazwa zaidi. Funga tatu za akiba kando ya fremu kwa utepe. Nani atazibadilisha? Swali zuri. Endelea kusoma.

Mikoba. Wajerumani tena: Ortlieb wanatengeneza tangu 1982 mikoba isiyoingiza maji, ambayo mdomo wake hukunjwa mara tatu na kubanwa, na jozi ya nyuma huingiza lita 40. Wenye nayo huitaja kwa jina, hawasemi mkoba. Wewe una njia tatu. Ya kwanza ni Gikomba, kwenye marundo ya mabegi, ambako kwa subira na kiwiko imara utapata mawili yanayokaribia kufanana. Ya pili ni soko la Kariokor, kwa mafundi wa ngozi wanaoshona viatu na mikanda. Mpelekee fundi turubai la lori na vipimo, ila mkumbushe kwamba kisigino chako nacho kinahitaji nafasi. Mkoba ukikaa mbele sana, kila mzunguko wa pedeli utaupiga teke, na kufika Kamulu utakuwa umeupiga mateke ya kutosha kufungiwa mechi kumi. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: ndoo mbili za rangi za lita 20 zenye vifuniko, zilizotobolewa mgongoni na kufungwa kwa boliti. Mvua haziingizi hata tone, jioni unazikalia, na hakuna mwizi wa Outer Ring anayehangaika na ndoo ya rangi. Hata Ulaya na Marekani wapo watalii wanaosafiri na ndoo, ila wao huzipiga picha.

Usitegemee juala. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na itakuwa aibu msafiri wa kiwango chako kukamatwa kwa sababu ya kilichofunika suruali yake.

Wapo wanaodai keria imepitwa na wakati. Dhehebu hili jipya hufunga vifuko vyembamba chini ya kiti, katikati ya fremu na kwenye usukani, kwa mikanda ya bei kali. Nimeiangalia mikanda hiyo kwa makini. Ni blada.

Na kwa kuwa umefika kwenye blada, hapa kejeli nitaiweka chini kidogo, maana mzigo ukidondoka mbele ya lori la mchanga hakuna anayecheka. Blada hukatwa kutoka kwenye tyubu mbovu ya pikipiki au ya lori: ukanda wa upana wa vidole viwili, mrefu kuliko unavyodhani utahitaji. Anza kwa kitanzi kwenye chuma cha keria. Ivute mpaka ikonde, ipitishe juu ya mzigo, izungushe kwenye chuma cha upande wa pili, urudi nayo. Kila mzunguko uvute kabla ya kuulaza. Mwishoni usifunge fundo. Chomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho, uiache ijibane yenyewe. Gizani utaichomoa kwa kidole kimoja, wakati mwenye fundo anatafuta kisu. Kamba ya nailoni hulegea mzigo ukijipanga njiani. Blada huufuata mzigo unapojipanga. Kisha shika kiti uitikise baiskeli yote. Mzigo ukicheza peke yake, anza upya.

Njia yenyewe ni rahisi. Barabara ya Outer Ring, kilomita zake 13, ilipopanuliwa ilipewa njia ya baiskeli, na njia hiyo inatumika sana: kuna viatu vya mitumba, kuna mahindi choma, kuna bodaboda zinazosubiri wateja. Ichukulie kama kipimo. Mzigo ukiwa mpana kuliko usukani, utang'oa mwavuli wa mama mboga kabla hujafika makutano ya Kangundo Road, na fidia ya nyanya hulipwa papo hapo. Wenye nafasi wamelitatua jambo hili kwa njia nyingine: tangu mwaka 2003 Tour d'Afrique huwaleta waendesha baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, wakipitia Kenya, na mabegi yao hutangulia kwenye lori. Hiyo nayo ni keria, sina ubishi.

Kuhusu cha kubeba, vitabu vyote vya utalii vinasema punguza. Thomas Stevens alizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa kati ya 1884 na 1886 akiwa na soksi, shati moja la kubadilisha, koti la mvua alilolifanya hema, na bastola. Lakini Stevens hakuwa anaenda kwao. Wewe huwezi kuingia kwa mama Tala ukiwa na soksi na bastola. Utabeba sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, mkate wa kutosha watoto wa jirani, na blanketi aliyoitaja kwenye simu kama mtu asiyeitaka. Hema utaliacha Umoja, sasa linaonekana kitu cha kipuuzi.

Hapo ndipo vitabu vyote hivyo vinapoanguka. Vinadhani utarudi na ulichoondoka nacho. Keria huchaguliwa kwa mzigo wa kurudi, na mzigo wa kurudi hauupangi wewe. Ukishafunga kila kitu, blada imekaza, umevaa helmeti, mama atatoka nyuma ya nyumba.

"Hapa nyuma si bado kuna nafasi?"

Ndipo utaletewa maembe nusu gunia, kwa kuwa ndio msimu wake, na mbaazi, na maharagwe ya dada yako aliyeko Donholm, ambaye alikuja na gari na akasema limejaa. Usibishane. Maharagwe yaweke chini kwenye ndoo, sawa kila upande; maembe yakae juu, yakisogezwa mbele kugusa kiti, la sivyo gurudumu la mbele litaelea kila ukipanda kilima na usukani utakosa kazi. Kuku ni wa mwisho. Afungwe miguu na akae kwenye kikapu mbele ya usukani, kichwa juu, mahali unapomwona. Tubus ya kilo 40 ingekuwa imeomba udhuru zamani. Ile nondo ya Kamukunji haijasema kitu.

Kuanzia Ruai watu wataanza kukusimamisha, kwa sababu hakuna anayedhani wewe ni mtalii.

"Hizo embe ni ngapi?"

Taja bei ukiwa bado unakanyaga. Ukisimama utalazimika kuuza zote, maana stendi haiwezi kuushikilia mzigo huo. Ukifika Njiru gunia limepungua, baiskeli imekuwa nyepesi, na fundi wa spoki ana malipo yake. Maharagwe uza kidogo ukipenda, dada yako ana gari. Kuku usimguse. Jioni mama atapiga simu kuuliza kama amefika salama.