Fundi wa Kushika Tochi

Jamani, mkeo akikusifia mbele ya ndugu zake, kimbia. Wangu kaenda kutangaza kwao kwamba kompyuta mimi ndiyo zangu. Kisa? Natoa fotokopi pale stendi. Basi! Sasa kaka yake, yule mwenye hela, kaagiza kompyuta ya gemu kutoka Dubai, ile inayokuja imeshaunganishwa kila kitu. Kanipigia: "Shem, njoo uikague, uniambie kama nimepigwa." Ningekataaje? Kwa nyuma nasikia pilau inapikwa.

Nimefika, nakuta boksi la vioo limekaa juu ya meza ya chakula. Nikauliza bei kwanza, nijue niikague kwa heshima kiasi gani. Ndani kuna kadi ya picha, RTX 5090. NVIDIA waliitangaza Januari 2025 kwa dola 1,999. Piga hesabu, ni zaidi ya milioni nne na nusu za kwetu. Kadi tu! Mimi kadi ninazozijua ni za harusi, na hizo nazo nazikwepa.

Nikaanza kulizunguka boksi, mikono nyuma. Ndani naona povu limejaa. Nikasifia: "Hapa wamejitahidi. Wameweka na godoro, isipige kelele." Mtoto wa shemeji, yuko darasa la sita, akacheka mpaka akakaa chini. "Anko, hilo ni la safarini, kadi nzito isichomoke. Ukiwasha nalo, feni zitagoma." Akaomba bisibisi. Mimi nikapewa kazi ya kumulika na tochi ya simu.

Nikatafuta pa kurudishia heshima. Karatasi imeandikwa prosesa ni Ryzen 7 9800X3D, kore 8. Nikaruka: "Shem, umepigwa! Intel wana Core Ultra 9 285K, kore 24!" Dogo hata hakugeuka. "Anko, hii ina kashe ya megabaiti 96, gemu haiendi mbali kutafuta data. Kwenye gemu inaipita hiyo ya 24." Sasa hapo unabishana vipi? Sisi tulifundishwa 24 ni kubwa kuliko 8, tukachapwa na viboko juu.

Kebo ya skrini nikachomeka mwenyewe. Imeingia vizuri kabisa. Dogo kaichomoa! Eti nimechomeka kwenye mazabodi, matundu ya kadi yako chini yake. Eti hapo gemu ingeweza kuchezwa bila kadi, milioni zote zile zimelala humo ndani. Na picha ingetoka! Sasa kama picha inatoka, mimi nijulie wapi?

Akaingia kwenye settings. Skrini ya hezi 240, inakwenda kwa 60. RAM ya DDR5 ya 6000, inakwenda kwa 4800 mpaka uingie BIOS uwashe EXPO. Mashine ya bei ile inakuja na mwendo wa daladala! Dogo anarekebisha, mimi namulika. Taa za boksi zimeshawaka, nyekundu, bluu, kijani, na hakuna aliyeniambia nizime tochi.

Ikabaki kitu kimoja ninachokijua: umeme. Kadi peke yake inaweza kuvuta wati 575, na NVIDIA wanataka pawa saplai ya wati 1000. Nikakohoa. Nikawaambia, gemu nzito saa mbili, kadi tu imekula uniti moja na chenji. Dogo kimya! Shemeji kainuka, kachungulia mita. "Kweli shem, LUKU imebaki kidogo. Hebu ninunulie uniti, hela zangu zote ziko benki. Nitakurudishia." Pilau inapakuliwa, unakataaje?

Dogo kapewa elfu kumi ya ufundi. Mimi nimerudi kwangu nakuta mita inalia, mke kasimama mlangoni. "Eeh mtaalamu, wamekulipa shilingi ngapi?"